Alama za maji kwenye ramani za njia za milimani: zipi za kutegemea?

NjiaNdefu:
Wakuu, naomba mnisaidie. Nina ramani ya karatasi ya 1:50,000 na nyingine ya OpenStreetMap (ramani huria ya mtandaoni inayochorwa na wachangiaji) niliyopakua kwenye simu. Nataka kujua nitajaza chupa wapi, lakini alama zinanichanganya: kuna mstari wa buluu mzima, kuna uliokatika wenye nukta katikati, kuna kiduara chenye mkia, halafu kwenye simu kuna picha ya bomba. Siku ya pili ni kilomita 18 na njia nzima ina kiduara chenye mkia kimoja tu. Je, nikipanga kwa kufuata alama hizi niko salama?

Kontua20:
Mkuu, anza na ufunguo wa ramani hiyo hiyo uliyoshika, kwa sababu kila nchi ina alama zake. Kwenye ramani za USGS, shirika la serikali la upimaji la Marekani, mstari mzima wa buluu ni kijito kinachotiririka mwaka mzima, na wenye kistari na nukta tatu ni kijito cha msimu. Kiduara chenye mkia uliojipinda ni chemchemi. Kiduara kitupu cha buluu ni kisima. Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, hutumia herufi: W ni kisima, Spr ni chemchemi. Ramani za Ufaransa zina Sce kwa chemchemi, za Ujerumani Qu. kwa chemchemi na Br. kwa kisima, za Hispania Fte. kwa chemchemi. Kwenye nchi za Kiarabu soma majina ya mahali: linaloanza na Ain ni la chemchemi, Bir ni la kisima.

Ukishajua alama, tafuta tarehe pembeni mwa ramani, na usichanganye mwaka wa kuchapishwa na mwaka wa upimaji. Alama inakwambia mpimaji alikuta nini wakati ule. Zipo ramani za zamani za USGS zenye masahihisho ya rangi ya zambarau: hayo yaliongezwa kutoka picha za angani bila mtu kwenda kuhakiki.

Kisha pima nguvu ya chanzo kwa kontua, ile mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa. Kontua zikivuka bonde hujikunja kama V, na ncha ya V hutazama juu, maji yanakotoka. Fuata V hizo hadi kwenye migongo ya milima inayozunguka bonde. Eneo lote lililo ndani ndilo linaloulisha mkondo. Eneo likiwa dogo, mstari hata uwe mzima, kiangazi kinaweza kuukausha. Likiwa kubwa, au juu kuna barafuto au theluji inayoyeyuka polepole, matumaini ni makubwa zaidi. Chemchemi yenye mstari wa buluu unaoanzia hapo naiamini kuliko iliyokaa peke yake bila kitu chini yake: mara nyingi hiyo ya pili ni unyevu unaochuruzika na kuzama tena ardhini.

Jihadhari na nchi ya mawe ya chokaa. Huko mstari wa buluu hukatika ghafla kwa sababu kijito kimeingia chini ya ardhi. Ukiona kontua zilizofunga duara zenye vijino vinavyotazama ndani, ujue hayo ni mashimo na maji ya juu ni ya kubahatisha.

Jambo la mwisho ni kukitafuta chanzo ukiwa pale pale. Kwa 1:50,000, milimita 1 ni mita 50, kwa hiyo alama ya milimita 2 inafunika karibu mita 100. Usisimame kwenye nukta ya GPS ukasema hakuna maji. Ingia kwenye mkunjo wa bonde na ushuke nao, usipande, maana kiangazi mahali maji yanapoanzia kuonekana husogea chini. Tafuta majani mabichi kuliko ya jirani, na njia za wanyama zinazokutana.

BombaNaBirika:
Naongezea upande wa simu. Usiishie kwenye picha, bonyeza alama usome maelezo yake. `amenity=drinking_water` ni maji yaliyowekwa kwa ajili ya kunywa. `natural=spring` inasema kuna chemchemi tu; ubora wake uangalie kwenye `drinking_water=yes` au `no`, kama mchangiaji aliijaza. `man_made=water_tap` ni bomba, na bomba laweza kuwa la kumwagilia.

Kosa linalowaponza wengi ni hili: kijito kisicho na `intermittent=yes` (yaani cha msimu) huchorwa kwa mstari mzima, hata kama hakuna aliyewahi kuchunguza kama hukauka. Vingi vimechorwa kwa kufuata picha za setelaiti. Kwa hiyo mstari mzima kwenye simu hauna uzito wa mstari mzima wa ramani iliyopimwa. Angalia `check_date` (tarehe ya kuhakikiwa mara ya mwisho) kama ipo, na historia ya marekebisho.

NjiaNdefu:
Nashukuru sana. Nimerudi kuangalia: kile kiduara hakina mstari wa buluu chini yake, na juu yake kwenye bonde lile lile kuna sururu mbili zilizopishana. Ni nini hizo?

Kontua20:
Sururu zilizopishana ni mgodi au machimbo. Basi chemchemi hiyo ifute kwenye mpango wako. Maji yanayopita kwenye mabaki ya mgodi yanaweza kuwa na sumu kama risasi (ile metali, lead) au aseniki. Kuchemsha hakuziondoi, na kadiri maji yanavyopungua sufuriani ndivyo zinavyozidi kukolea. Chujio la kawaida la safari nalo haliziwezi. Mawe yenye utando wa rangi ya chungwa ni onyo, lakini maji maangavu nayo si uthibitisho wa usalama.

Panga siku hiyo kama kavu. Kwa kasi ya kilomita 3 kwa saa ni saa 6 za kutembea. Hali ya hewa ya wastani, nusu lita kwa saa, ni lita 3; ongeza lita 1 ya akiba na maji ya kupikia kama utalala kabla ya chanzo kinachofuata. Kukiwa na joto kali, lita kwa saa si nyingi. Kila lita ni kilo 1 mgongoni. Ukiona mzigo unazidi, tafuta mstari mzima kwenye bonde la jirani lisilo na mgodi, uhesabu mwinuko: kushuka mita 300 kwenda kuchota kunakudai kama nusu saa ya ziada ya kupanda, juu ya muda wa umbali wenyewe.

BombaNaBirika:
Usihesabu matangi wala mifereji mpaka uwe na uhakika. Tangi mara nyingi limefungwa, na mfereji, ule mstari wa buluu ulionyooka usiofuata bonde, huwa na uzio au kingo za zege zinazoteleza. Vyanzo vingine vyote, chemsha maji yatokote dakika 1, au dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000. Ukitegemea klorini, kumbuka haiwezi vizuri Cryptosporidium, kimelea kinacholeta kuhara, na maji ya tope yachuje kwa kitambaa kabla hujaitia.