Mdomo wangu unapunguza bei kabla mteja hajaomba. Bila hofu ningekuwaje?

FundiKibuye, Kisumu

Habari zenu humu ndani. Mimi ni fundi wa nguo, kibanda changu kiko karibu na soko la Kibuye. Nina cherehani mbili, ya mguu niliyoachiwa na mama na nyingine ya mota, na mwaka huu nafikisha miaka kumi na mitatu kazini. Swali langu huenda likaonekana la kitoto lakini limenikaa kooni tangu Jumapili, kwa hiyo acheni nilitoe.

Mwezi wa tano walinijia akina mama watatu wa kwaya. Walitaka majoho 46, kitambaa wanaleta wenyewe, wiki sita. Mmoja alishika gauni nililokuwa nimetundika mlangoni, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono wa ubavuni, kisha akawaambia wenzake kwa Kijaluo kwamba huyu ndiye tuliyekuwa tunamtafuta. Nilimsikia kwa masikio yangu. Na mdomo wangu ukajibu, "Aa mama, saa hii nina kazi nyingi mno." Kazi gani? Nilikuwa na zipu mbili za kubadilisha na sketi moja ya kupanua kiuno. Nikawapeleka kwa jirani yangu, tena nikawasindikiza hadi mlangoni.

Jirani alikubaliana nao shilingi 1,100 kwa kila joho. Baada ya siku kumi akaja kwangu, amezidiwa, nimsaidie, atanipa 350. Nikasema sawa. Nikashona 31 kati ya yale 46, usiku, umeme ukipotea nahamia ile ya mguu. Yaani kazi niliyoikataa niliifanya, ila kwa bei ya kibarua. Jumapili iliyopita kwaya ikayavaa mara ya kwanza. Niliketi benchi la nyuma na sikusikia hata mstari mmoja wa wimbo, nilikuwa nahesabu mishono yangu migongoni mwa watu.

Si majoho tu. Gauni la kitenge lenye bitana, mafundi wenzangu hapa wanatoza 1,500 bila kupepesa. Mteja akiniuliza, "Fundi, hii ni ngapi?" nasema elfu moja mia tano, halafu kabla hajavuta pumzi naongeza, "lakini wewe lete elfu moja." Kuna siku nimeshuka mpaka 800 peke yangu, mteja amenyamaza tu ananitazama. Mmoja alinihurumia akaniambia, dada, mimi nilikuwa nimekubali ile ya kwanza.

Najua ilikotoka, au nadhani najua. Mwaka 2016 nilipewa nguo za wasimamizi wa bibi harusi, satini ya rangi ya maziwa. Ukitaka kukata mikono ya gauni unakunja kitambaa uso kwa uso, upate wa kushoto na wa kulia. Siku hiyo nilikuwa na haraka, nikatandaza kipande kimoja juu ya kingine, vyote vikiwa vimetazama juu. Nikakata. Nilipoinua nikaona nina mikono miwili, yote ya kushoto. Kitenge kingenisamehe, pande zake mbili zinafanana, unageuza tu. Satini haina msamaha. Nilinunua kitambaa kingine kwa pesa zangu, nguo zilifika kwa wakati, lakini mama ya bibi harusi alikuja kibandani na kuyasema mbele ya watu hadi wauza viatu walisimama kusikiliza. Tangu siku hiyo, mtu akinisifu nasubiri agundue.

Sasa kila usiku kabla ya kulala najitengenezea mchezo. Nafikiria nimeamka kesho na hofu haipo, imetoka kama jino. Naamka, sipiti tena nyuma ya kibanda cha yule mama wa bibi harusi ili nimkwepe. Ninapaka jina langu mlangoni kwa rangi, maana hadi leo hakuna jina. Namwambia mwenye kibanda bati linavuja, arekebishe au nikate kodi. Nasema "elfu moja mia tano" nafunga mdomo. Jioni nakwenda Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, napanda mashua, kwa sababu nimezaliwa kando ya ziwa hili na sijawahi kuingia hata hatua moja, aibu iliyoje.

Halafu usingizi unanipita, nabaki nikijiuliza huyo mwanamke ni nani. Je, kuna mtu hapa anaishi hivyo? Mlifanyaje? Na kama ingetoka kabisa, yote, mngefanya nini siku ya kwanza?

Amani254

Omba tu dada. Kila kitu ni maombi.

FundiKibuye

Naomba, ndugu yangu. Huwa naomba nikiwa nimepiga magoti, nikisimama mteja anauliza bei nasema mia nane.

DerevaMstaafu, Nakuru

Binti yangu, salamu kutoka huku kwenye vumbi la Menengai. Mimi nimeendesha trela kati ya Mombasa na Malaba miaka ishirini na miwili, sasa nimekaa nyumbani nafuga kuku na kubishana na mke wangu. Nimesoma swali lako mara mbili. Hiyo sehemu ya kuamka na hofu imetoka kama jino, mimi siitaki, na wewe usiitake.

Kuna mteremko baada ya Sachangwan unaposhuka kuja Salgaa. Aliyepita na mzigo wa tani ishirini na kitu anajua ninachosema. Vijana waliokuwa hawaogopi walikuwa wanatoa gia pale juu na kuliacha gari lishuke lenyewe, sisi tunaita kupiga frii, ili waokoe dizeli kidogo wakaiuze. Gari likiwa frii injini haikushikii tena, unabaki na breki peke yake, na breki ikipata moto inakuwa pambo. Nimewazika wawili wa aina hiyo. Mimi nilikuwa nikikaribia pale naingiza gia nzito mapema, viganja vinatoa jasho, tanboi wangu, yaani utingo, ananicheka. Miaka yote hiyo viganja havikuacha kutoa jasho, na mimi nipo.

Januari 2009 ndipo lori la petroli lilipoanguka hapo hapo Sachangwan na watu wakaja na ndoo na mitungi. Lilipowaka walikufa zaidi ya mia. Sisemi walikuwa wajinga, kamwe. Njaa nayo huzima hofu. Ila nilipita pale baadaye, na tangu hapo mtu akiniambia anataka kuishi bila woga namtazama vibaya.

Sasa wewe, mama, hofu yako imekosea barabara tu. Inakanyaga breki mahali pa kupanda mlima. Kumtajia mtu 1,500 ni mlima, hakuna kinachoteremka pale. Mkono wa satini ulikuwa mteremko, na huko ndiko ulihitaji kuogopa kidogo zaidi ya ulivyoogopa. Sijui kama nimeeleweka, sisi wa magari tunaona kila kitu ni barabara.

MwanaSaikolojia_Maseno

Mzee hapo juu amenipokonya maneno, lakini niongeze kitu nilichosoma darasani, kwa sababu huyo mtu wa kuwaza ambaye hofu imemtoka yote, yupo kweli.

Ni mama mmoja wa Marekani. Wanasayansi wanamwita SM tu ili kumfichia jina. Ana ugonjwa adimu uitwao Urbach-Wiethe, ambao ulimharibia amigdala zote mbili, vile vipande vidogo ndani ya ubongo vyenye umbo la lozi vinavyopiga kengele ya hatari. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa walimpeleka kwenye duka la nyoka na buibui. Alikuwa amewaambia kwamba yeye anachukia nyoka. Alipofika akamshika mmoja zaidi ya dakika tatu, akawa anaomba apewe na wale wakubwa wenye hatari, wahudumu wakimkataza. Matokeo yalichapishwa 2011. Lakini soma na upande wa pili: mwanamke huyo huyo aliwahi kushikiwa kisu kooni usiku kwenye bustani ya umma, na kesho yake akapita hapo hapo kama kawaida. Amejikuta kwenye hatari za namna hiyo zaidi ya mara moja, maana kengele ya kumwambia "rudi nyuma" hailii.

Jambo la kushangaza zaidi ni la 2013. Walimvutisha hewa yenye kaboni dayoksaidi nyingi, mara moja, na akashikwa na hofu kubwa ya kukosa pumzi, hadi akajaribu kuvua kifuniko cha uso. Kwa hiyo hata kwake haikuwa imetoka yote. Mwili ulikuwa umeficha nyingine pahali pengine.

Halafu dada, naona umefunga vitu viwili kwenye fundo moja. Hofu ya kisu ni kitu kimoja. Kule "mtu akinisifu nasubiri agundue" ni kingine, na kilipewa jina, "impostor phenomenon", yaani kujiona tapeli, tangu 1978 na wanasaikolojia wawili wa kike, Pauline Clance na Suzanne Imes. Walikuwa wamekaa na wanawake wenye shahada na vyeo ambao waliamini kwamba wamewadanganya watu wote na siku moja watashikwa. Vyeti ukutani havikuwasaidia. Ukishinda unasema ni bahati, ukishindwa unasema ndio huyo mimi halisi. Wewe una majoho 31 kwenye migongo ya watu kanisani, na ushahidi unaoutumia ni mikono miwili ya 2016.

SeremalaKakamega

Mimi nitapinga kidogo, msinirushie mawe. Mnaongelea ubongo na mimi naona mtaji.

Majoho 46 kwa wiki sita, ana cherehani mbili na mikono miwili. Ovaloki, ile mashine ya kushona kingo zisifumuke, hajataja, kwa hiyo huenda hana, anapeleka kwa mtu. Uzi, vifungo, msaidizi wa kupiga pasi, hayo yote anatoa mfukoni kabla kwaya haijalipa hata senti. Na kanisa likichelewa kulipa, utalishtaki kwa nani? Fundi, pengine ule mdomo uliosema "nina kazi nyingi" ulikuwa umepiga hesabu haraka kuliko wewe. Hata mimi nimekataa viti vya shule moja hivi, kisha nikajilaumu mwaka mzima kwamba mimi ni mwoga, hadi jamaa aliyevichukua akauza randa yake akisubiri malipo.

Siku hizi sisemi ndiyo wala hapana. Nasema, "Nusu kwanza, mbao zinunuliwe, kisha tuongee tarehe." Anayetaka kazi anatoa nusu. Asiyetoa amenijibu mwenyewe. Ukiwa na pesa ya kwanza mkononi hata sauti inabadilika, na hukuhitaji ujasiri wowote.

Lakini ile ya gauni la 1,500 kushuka hadi 800 peke yako, hapo sina utetezi. Hiyo ni wewe.

NyarDunga

Nyaminwa, yaani dada yangu, mimi ni muuza samaki hapa Dunga na nimecheka hadi nimemwaga chai. Sijacheka kwa ubaya. Nimecheka kwa sababu nilikuwa hivyo.

Nitakwambia nilivyofundishwa na shangazi. Ukitaja bei, shika kitu. Mimi nashika kisu cha kuparua magamba. Wewe shika mkasi, au ile futi ya kupimia ya shingoni. Taja bei mara moja, kisha endelea na kazi ya mkono, usimtazame usoni, na hesabu moja hadi kumi moyoni. Kosa lako ni ule ukimya. Unadhani mteja akinyamaza amekasirika. Mteja akinyamaza anahesabu pesa zake! Mwachie nafasi ahesabu. Mimi ngege, yule samaki tilapia, akiwa wa mia nne nasema mia nne na naparua. Wengi hufika saba ndipo wanasema "punguza kidogo". Wengine hufika nne wanasema "funga".

Na uchukue kadibodi uandike bei kwa kalamu nene utundike. Kadibodi haina haya, haiwezi kusema "lakini wewe lete elfu moja".

Kuhusu mashua, njoo, nitakupeleka kwa mtu mzuri. Ila utavaa jaketi la kuelea, na usipoogopa kabisa sikupandishi. Wavuvi wetu wa omena, yaani dagaa, hutoka usiku wa giza na taa zao, wengi hawajui kuogelea, na hakuna hata mmoja anayeingia maji haya bila kuangalia mawingu ya upande wa Uyoma kwanza.

FundiKibuye

Nimerudi baada ya siku nne. Asanteni, na wewe baba wa Nakuru asante zaidi, nimesoma kuhusu mlima na mteremko kwa sauti hadi mtoto akauliza nimenunua gari lini.

Nimeandika kadibodi. Ilinichukua asubuhi nzima, nikaandika 1,300, nikaichana, nikaandika 1,500 upande wa nyuma. Kwa hiyo ukiigeuza bado kuna kipande cha 1,3 kimebaki. Nimeipigilia misumari isigeuzwe.

Seremala, umenigusa pabaya na pazuri. Ovaloki kweli sina. Nimekaa nikapiga hesabu ya yale majoho kama ningechukua nusu kwanza: 25,300. Ningekodi ovaloki na kijana wa pasi, na ningebaki nazo. Kwa hiyo huenda mdomo ulipiga hesabu, lakini iliishia katikati.

Jana akaja mteja wa kwanza, akasoma kadibodi, akasema mafundi siku hizi mmekuwa wezi, akaondoka. Nilikuwa nimeshika mkasi. Miguu ilitaka kumfuata, naapa, kisigino kilikuwa kimeshanyanyuka. Nikabaki.

Saa kumi akaja mwingine, mwalimu, na kitenge cha bluu kizuri sana cha maua makubwa. "Fundi, ngapi?" Nikasema elfu moja mia tano, nusu kwanza. Nikainama kuchana uzi kwenye pindo. Moja, mbili, tatu. Kwenye tano nikasikia simu yangu inalia ujumbe. Alikuwa ametuma 750 kwa M-Pesa bila neno. Akasema atakuja kuchukua Ijumaa ya pili, akaaga, akaenda zake.

Na mimi nikabaki nimesimama pale natabasamu na futi shingoni, na sikuwa nimempima hata kiuno.

DerevaMstaafu, Nakuru

Mpigie arudi apimwe. Na asije akakuomba upunguze kwa sababu ya usumbufu ukakubali, nakujua wewe.