Tupeane uzoefu: kuirudisha bustani ya nyumbani baada ya kimbunga

Mleta mada (Kilindoni, Mafia)

Ndugu zangu, nafungua mada hii kwa ajili ya wale ambao bustani zao za nyumbani zilipigwa na upepo mkali, chumvi ya bahari au mafuriko, nao wakaamua kuzirudisha badala ya kuziacha zigeuke vichaka. Naomba tusiingie kwenye mashamba makubwa, kwa kuwa hayo yana wataalamu wake na hesabu zake. Nazungumzia ua wa nyumbani, wenye mlimau wa kukamulia mchuzi, mwasumini wa karibu na mlango na mnazi ambao kila mtu katika ukoo anajua ulipandwa na nani.

Nianze na wa kwetu. Kimbunga Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024, na ingawa Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetoa tahadhari mapema, wengi wetu hatukuwa na kumbukumbu yoyote ya kulinganisha nacho, kwa sababu vimbunga vya upande wetu wa Bahari ya Hindi kwa kawaida hupita kusini zaidi, upande wa Madagaska na Msumbiji. Karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauusokoti upepo vya kutosha, ndiyo maana kisiwa chetu kilizoea kusi na kaskazi, si upepo wa kuzunguka. Kulipokucha, mfenesi ulikuwa umelala juu ya banda la kuku, mipapai yote ilikuwa imekatika, mwembe umepoteza tawi lake kubwa, na baadhi ya minazi imevunjika vilele. Baada ya siku chache hata miti iliyobaki imesimama ilianza kukauka majani upande unaotazama bahari, ijapokuwa maji ya bahari hayakuingia uani. Ilikuwa ni chumvi iliyobebwa na upepo.

Ninachotaka wenzangu wakipime kwa uzoefu wao ni hiki: baada ya kimbunga kuna kazi za kuharakisha na kuna kazi za kuchelewesha, na watu wengi huzigeuza. Yaani hukimbilia msumeno, halafu magogo huyaacha yaoze palepale yalipoanguka. Sisi tuliharakisha kuyaosha majani kwa maji ya kisima yasiyo na chumvi, tukaifunika mizizi iliyofunuka kwa makuti na magunia yaliyoloweshwa, kisha miti mingine yote tukaiacha kama ilivyo. Alipita fundi mwenye msumeno wa mashine akajitolea kuukata mwembe bure ili achukue mbao, kwa hoja kwamba umeshakufa. Na kweli, kwa kuutazama, haukuwa na jani hata moja la kijani. Mzee wangu alikwangua gome la tawi kwa ukucha, akaonyesha ubichi uliokuwa chini yake, akamwambia fundi arudi baada ya kusi. Mwembe ulichipua kabla kusi haijaisha.

Kwa mnazi kusubiri hakusaidii kitu. Mnazi una sehemu moja tu ya kuotea, nayo iko kileleni. Ikivunjika, mti haurudi hata ukiubembeleza vipi. Tulichoweza kufanya ni kulitoa shaha, ule moyo laini wa kilele, na kulila, kisha kuyashughulikia magogo haraka, kwa sababu gogo la mnazi linalooza ndilo mazalia ya chonga, yule mbawakavu mwenye pembe anayetoboa vilele vya minazi mizima. Jirani mmoja aliyaacha ya kwake mpaka yakalainika. Tulipolipasua moja kwa shoka, ndani yake mlikuwa na mabuu meupe, manene kama kidole gumba, yamejikunja katika unga wa mti uliooza, na kuku walikuja mbio hata kabla hatujawaita. Kwa hiyo nashauri magogo yapasuliwe mbao yakiwa bado magumu, na mabaki yachomwe au yazikwe chini kabisa. Mnazi ulioinama lakini wenye kilele kizima usikatwe. Utajikunja wenyewe kuelekea juu na kuendelea kuzaa.

Karibuni.

Mwana wa Pwani (Kilwa Masoko)

Nakushukuru mleta mada. Huku kwetu Hidaya ilikuja na maji kuliko upepo, na barabara ya kusini ilipokatika tulikaa muda bila kupata miche wala mbolea kutoka Dar es Salaam, kwa hiyo ilitubidi tuokoe tulivyokuwa navyo. Nitaeleza habari ya mchungwa mmoja tu, kwa sababu ndio ulionifundisha.

Ulikuwa umeng'oka nusu: mizizi ya upande mmoja imekatika na kusimama hewani, ya upande wa pili bado imeshika ardhi. Mti wa namna hiyo, kama si mkubwa mno, unanyanyulika, lakini haunyanyuliwi kwa pupa. Kwanza niliichimbia mizizi iliyokuwa hewani shimo lake upya, nikakata kwa kisu kikali ncha zote zilizochanika, kwa kuwa mzizi uliochanika huoza na uliokatwa vizuri huota nywele mpya. Kisha nikapunguza matawi karibu theluthi, ili mizizi michache iliyobaki isibebeshwe majani mengi kuliko uwezo wake wa kuyanywesha. Tuliuvuta kwa kamba polepole, wawili wakivuta na mmoja akisikiliza mizizi ya upande uliobaki. Ikilia, tunaacha kidogo. Tukaufunga kwa vigingi vitatu, na penye kamba kugusa gome tukaweka vipande vya tyubu ya baiskeli. Kamba zisikazwe sana, kwa sababu shina lisilotikisika hata kidogo halijengi nguvu ya kusimama lenyewe.

Jambo la pili ni jua. Mti uliokuwa na kivuli chake ukipoteza majani ghafla, shina na matawi yake huungua na gome hupasuka. Hapa kwetu chokaa haina shida, kwa hiyo niliikoroga na maji nikaupaka mchungwa shina lote na matawi manene ya upande wa magharibi. Watu walinicheka kwamba nimeuvisha kanzu mchungwa. Miti miwili ya jirani ambayo haikupakwa ilipasuka gome, na ufa ndio mlango wa kuvu na mchwa.

Palipotuama maji ya chumvi usipande kitu mapema. Udongo usafishwe kwa maji mengi yasiyo na chumvi yanayopita na kutoka, wala si ya kunyunyiza juu juu. Na ukiwa wa mfinyanzi, jasi husaidia kuifukuza chumvi, na jasi mkoa wetu wa Lindi tunayo.

Mkorosho (Mtwara)

Mimi nina mchango mfupi. Aprili 2019 tulitahadharishwa juu ya kimbunga Kenneth, nacho mwishowe kikaingia ng'ambo ya mto Ruvuma, Cabo Delgado nchini Msumbiji, ambako kiliwaumiza sana ndugu zetu. Sisi tulisalimika, lakini kwa kuwa tulipata siku za kujiandaa, tulikuwa tumeshakata matawi makavu ya miembe, tumeangua madafu na nazi zote, tumevilaza chini vyungu vya maua na kuvisukuma ukutani. Tangu mwaka ule nafanya hivyo kila kabla ya masika, kimbunga kitangazwe kisitangazwe. Tawi kavu ndilo linalovunja bati, na nazi ikirushwa na upepo haina tofauti na jiwe.

Mpenda Maua (Unguja)

Assalaam aleykum. Napenda kuiongezea hoja ya mleta mada upande wa miti inayorudi kutoka chini, kwa sababu wengi huving'oa visiki ambavyo vingewapa bustani mpya bila gharama.

Tulikuwa na mshelisheli mkubwa uliokuwa unalisha nyumba nne wakati wa msimu, na upepo wa masika ukauangusha ukiwa na matunda yake. Shina tuliliondoa, lakini marehemu mama alikataza kisiki kisiguswe. Mshelisheli, kama mnavyojua, hauna haja ya mbegu. Mizizi yake ikijeruhiwa hutoa machipukizi, na baada ya mvua yalitokeza hata mbali na kisiki. Tuliacha moja likue mahali pa mzazi wake, mengine tukayatenga kila moja na kipande chake cha mzizi, tukayaweka kwenye mifuko kivulini, na yale yaliyoshika tukawapa wale wale waliokuwa wakila shelisheli letu. Migomba nayo usiihuzunikie: kata yote iliyovunjika mpaka chini, acha chipukizi lenye majani membamba lisimame. Mlangilangi ukikatika juu hutoa matawi ya chini, na kwa mtu anayechuma maua hiyo ni faida, kwa kuwa hahitaji tena ngazi.

Kwa mkarafuu sina habari njema, na sisi wa Unguja tunalijua hilo zaidi ya watu wengine. Kimbunga cha Aprili 1872, katika utawala wa Sayyid Barghash, kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa hiki, wakati Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo imekuwa mama wa karafuu. Mkarafuu mchanga hukaa miaka sita au zaidi kabla ya kukupa la maana, hupenda kivuli utotoni, na ukiungua kwa jua lililoingia baada ya miti mikubwa kuanguka, basi. Mwenye mkarafuu uani ambao umesalia peke yake baada ya upepo kuondoa jirani zake, aupandie migomba kuuzunguka mara moja, ili uwe na kivuli wakati miti mingine inakua.

Mzee wa Batina (Suwayq, Oman)

Wa aleykum salaam. Mimi nimezaliwa Unguja na nimezeekea huku. Kimbunga Shaheen kilitufikia pwani ya Batina tarehe 3 Oktoba 2021, na mvua iliyonyesha kwa siku moja katika baadhi ya wilaya zetu ilikuwa mara kadhaa ya ile tunayoipata kwa mwaka mzima. Upepo haukuniharibia sana. Kilichoiua bustani yangu ni tope la wadi, yaani bonde kavu linalogeuka mto mvua ikinyesha, lililojaa uani mpaka usawa wa dirisha na kubaki hapo.

Tope lina tabia yake. Likiwa bichi usiingie na koleo wala usimruhusu mtu mwenye trekta, kwa maana ukilikanyaga unalishindilia na mizizi inakosa hewa kabisa. Subiri lianze kupasuka, kisha liondoe kwanza kwenye mashina, kwa mkono, mpaka uone pale shina linapopanuka kuingia ardhini. Milimau yangu niliyoifukua mapema iliishi, na ile ambayo tope lilikumbatia gome lake kwa muda mrefu ilioza shingoni, ingawa juu ilionekana nzima. Mitende haikujali hata kidogo. Tope lenyewe si adui: likikauka na kuchanganywa na samadi iliyooza ni udongo mzuri, ila msimu wa kwanza usipande humo mboga za kuliwa mbichi, kwa kuwa maji ya mafuriko yamepita kwenye mashimo ya vyoo kabla ya kufika kwako.

Mwasumini wangu, uliotokana na kipandikizi nilichokibeba kutoka Mwera, Unguja, ndani ya kitambaa kibichi, ulizikwa wote ukafa. Nilikuwa nimewagawia vipandikizi akina mama wa jirani kwa miaka mingi, wakisuka vikuba vyao, vile vishada vya maua ya kunukia, kwa maua yake, na mmoja wao anayekaa mwinuko kidogo alinirudishia kijiti. Kwa hiyo wosia wangu kwa mwenye mti anaoupenda ni kwamba autawanye. Asumini, mkilua, rehani, mmea wowote usiopatikana sokoni, upandwe kwa watu angalau wawili wanaokaa mbali na wewe na mbali na njia ya maji.

Mgeni wa Uga (Kilifi)

Shikamooni wakubwa. Huku tulipigwa na pepo za kimbunga Ialy katika mwezi ule ule wa Mei 2024, na mpera, mstafeli na mkomamanga wangu vilipotea. Swali langu ni la wakati: vimbunga hivi huja masika inapoelekea kuisha, na baada yake ni kiangazi na kusi. Je, nipande mara moja nikiwa na ardhi iliyolowa, au nisubiri vuli? Mke wangu anataka uga urudi kama ulivyokuwa, nami sitaki kununua miche mara mbili.

Mleta mada (Kilindoni, Mafia)

Marahaba. Kwetu tuligawa. Mipapai tulipanda papo hapo, kwa sababu inakua haraka na isipokubali hasara yake ni mbegu tu. Iliyoshika ilikuwa na matunda kabla ya masika yaliyofuata. Miti ya kukaa miaka mingi, kama huo mstafeli wako na mkomamanga, tuliiotesha kwenye mifuko na makopo upande wa nyumba usiopigwa na kusi, tukaiingiza ardhini vuli ilipoanza kunyesha kwa uhakika, ikiwa na mizizi ya kutosha kupokea mvua hiyo. Kabla ya hapo, kisiki cha mpera usiking'oe. Kwangua gome, na kikiwa kibichi kipe nafasi mpaka vuli, kwa kuwa mpera ni mbishi.

Kuhusu kurudi kama ulivyokuwa, mwambie shemeji kwamba sisi hatukurudisha mfenesi mahali pake. Ulikuwa umekua ukiwa juu ya mwamba wa matumbawe uliofunikwa na udongo mchache, na ulipolala tuliona mizizi yake imetandaa kama mkeka bila kwenda chini popote. Pale sasa tumepanda michaichai na mrehani, na mfenesi mpya tumeupeleka nyuma ya banda, penye udongo wa kina, mbali na paa.