Sampuli za manukato ya zamani na ya watengenezaji wadogo: nizijaribu vipi?

Pua_Changa

Wakuu, habari zenu. Nina vichupa kumi vya sampuli, vingine vya ml 1 vya kupaka kwa kijiti, vingine vya ml 2 vya kupuliza. Humo kuna Mitsouko, Shalimar na Chanel No. 5, Molecule 01, na vilivyobaki ni vya watengenezaji wadogo. Nikinusa vitatu mfululizo naona vyote vimekuwa kitu kimoja. Mitsouko inaanza na uchungu mkali hadi nataka kunawa. Molecule 01 naisikia dakika chache tu inapotea, ila aliyekaa karibu nami anasema bado inanukia. Nijaribu ngapi kwa siku, nipake wapi, na kazini nipulize mara ngapi nisiwakere wenzangu?

Mtungi wa Marashi

Karatasi ni ya kuchuja, ngozi ni ya kuamua. Usizichanganye hizo kazi mbili.

Kata vipande vya karatasi nene isiyong'aa, upana sm 1, urefu sm 12 hivi. Andika jina kwenye kipande kabla hujakilowesha, maana baada ya vipande vitatu hutakumbuka kipi ni kipi. Puliza mara moja, subiri nusu dakika spiriti iruke, kisha nusa ukiwa umekishika sm 2 kutoka puani. Kisiguse pua: ukijipaka hata kidogo, kila utakachonusa baadaye kitakuwa na harufu ile ile. Vuta pumzi fupi fupi, mbili au tatu, uache. Kirudie baada ya dakika 10, saa moja, saa nne, na asubuhi yake. Vipande vinne kwa mkao mmoja vinatosha kabisa. Kunusa buni hakuzindui pua. Toka nje upate hewa, au nusa mkunjo wa kiwiko chako usiopakwa kitu.

Vilivyofaulu kwenye karatasi ndivyo vinavyokwenda kwenye ngozi. Osha mkono kwa sabuni isiyo na harufu, kausha, puliza upande wa ndani wa mkono, katikati ya kiwiko na kifundo. Kifundo chenyewe hakifai kwa majaribio kwa sababu unakilowesha kila unaponawa. Ngozi ikiwa kavu, tangulia na losheni isiyo na harufu, usubiri dakika 10. Wala usisugue: joto la msuguano linaharakisha kuruka kwa vile vyepesi vya mwanzo, limau na bergamoti, na hivyo ndivyo ulivyotaka kuvisikia. Unaweza kujaribu mbili kwa siku, moja kila mkono.

Vile vya kijiti vinakudanganya kidogo. Kijiti huacha utando mwembamba, kwa hiyo harufu inabaki karibu na ngozi na haikuonyeshi inavyosambaa. Hamishia nusu ml kwenye kichupa kitupu cha kupuliza. Pampu ndogo hutoa takriban ml 0.05 hadi 0.1 kwa mpulizo, hivyo hiyo nusu ml ni mipulizo mitano hadi kumi. Ni siku kadhaa za majaribio ya kweli.

Kuvumwani

Niongeze kuhusu hizo tatu za zamani, kwa sababu hukumu ya dakika tano inazionea.

Mitsouko ni ya Jacques Guerlain, 1919. Imesimama juu ya kuvumwani ya mwaloni, ile inayoota kwenye magome ya mti huo, na ule uchungu unaousikia ni sehemu ya umbile lake. Harufu ya tunda la pichi inatokana na kiini kinachoitwa aldehidi C-14, ingawa kikemia ni laktoni, si aldehidi. Ipe saa moja na nusu, uinuse tena: pichi na kuvumwani huwa vimeshikana na uchungu umetulia. Ila ujue una toleo gani. Kuvumwani imewekewa mipaka na IFRA (shirika la kimataifa la sekta ya manukato), na Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya 2017, ulipiga marufuku atranoli na kloroatranoli zilizomo ndani yake, kwa kuwa zinaleta mzio wa ngozi. Chupa ya miaka ya 1970 na ya leo zina jina moja, lakini haziko sawa. Anayekusimulia ya zamani huenda hasimulii uliyonayo.

Shalimar (1925) inaanza na bergamoti nyingi kabla ya ethili vanilini, kiini cha harufu ya vanila, kujitokeza. Hapa angalia lebo: EDT (eau de toilette, nyepesi), EDP (eau de parfum, kali zaidi) na parfum (kali kuliko zote) hutofautiana hata kwa mpangilio wa harufu, si kwa ukali tu. Ukipenda sampuli ya EDP, usinunue EDT ukidhani ni ile ile iliyopunguzwa.

No. 5, kazi ya Ernest Beaux ya 1921, hufungua kwa aldehidi, viini vya maabara vyenye harufu kali inayokumbusha sabuni. Mawaridi na asumini hufuata.

Sampuli ya zamani ikinuka kama kiondoa rangi ya kucha mwanzoni, hewa imekwisha kuharibu vile vyepesi. Usiimwage. Subiri nusu saa; mara nyingi kitako cha harufu bado kizima. Na yale ya zamani yenye bergamoti nyingi usiyapake ngozi itakayopigwa na jua: bergapteni iliyomo huacha mabaka meusi yanayokaa muda mrefu.

Saa_ya_Nne

Sikubaliani na mbili kwa siku. Moja ikiwa na udi au ambari nzito, inaifunika ya mkono wa pili kila unapogeuka. Moja tu, na ya kwanza iwe jioni ukiwa nyumbani, usije ukabanwa ofisini na kitu kisichotoka kwa maji.

Molecule 01 (Geza Schoen, 2006) ni Iso E Super, kiini kimoja cha maabara, peke yake. Pua huizoea haraka, na wapo wasioisikia kabisa. Miski kadhaa za maabara ziko hivyo hivyo. Kosa linalofuata ni kuongeza mipulizo, ndipo wenzako wanapoumwa kichwa wewe hujui kitu. Mwombe mtu asimame umbali wa mkono mmoja, saa ya kwanza na saa ya nne, akwambie anachosikia.

Kazini: EDT mipulizo mitatu, EDP miwili, parfum matone mawili ya kidole. Nzito za udi, mmoja tu kifuani chini ya shati. Puliza nusu saa kabla ya kutoka. Usipulize chini ya kidevu, utaizoea mapema na kudhani imeisha. Kitambaa hushika harufu kuliko ngozi, lakini manukato ya rangi ya kahawia hutia doa. Jaribu kwenye pindo la ndani, na hariri usiiguse kabisa.

Vichupa visimamishe wima, gizani, mbali na joto. Vifuniko vya plastiki huvujisha spiriti polepole, kwa hiyo weka alama ya kiwango cha maji kwa kalamu siku unapovipokea. Kinachoshuka bila kutumiwa ndicho ukianze.