Nimealikwa mkesha wa Krismasi na familia ya Kijerumani: nijiandae vipi?

Mwanafunzi wa Dresden
Habari zenu ndugu. Nimetoka Moshi mwezi wa tisa kuja kusoma hapa Dresden. Nyumbani nimezoea kwamba sikukuu yenyewe ni tarehe 25: ibada asubuhi, kisha pilau, wageni na watoto wenye nguo mpya wakipita nyumba kwa nyumba. Mama mwenye nyumba ninayopanga amenialika tarehe 24, akasisitiza nifike saa kumi na moja jioni kamili. Je, sikukuu yao hasa ni siku ipi, na mgeni apeleke nini? Aidha, mezani kwake kuna shada la matawi mabichi lenye mishumaa minne. Jumapili iliyopita aliwasha mmoja, na nilipotaka kuwasha mingine akanizuia kwa upole. Nilikosea nini?

Mama wa Hamburg
Karibu Ujerumani, mwanangu. Hukumkosea mtu, ila uliharakisha Majilio. Kila Jumapili kati ya nne zinazotangulia Krismasi huongezwa mshumaa mmoja, na kuwasha yote mapema ni kama kufuturu adhuhuri. Desturi hiyo ilianzia mjini kwetu mwaka 1839, pale mwanateolojia Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akilea watoto maskini katika kituo cha Rauhes Haus, alipochukua gurudumu la mkokoteni na kulipanga mishumaa midogo ya siku za kawaida na mikubwa minne ya Jumapili, ili watoto waliokuwa wakimuuliza kila siku Krismasi ni lini waweze kuhesabu wenyewe.

Kilele ni jioni ya tarehe 24. Wengi huenda kanisani, kisha zawadi hufunguliwa chini ya mti, na chakula katika nyumba nyingi ni chepesi mno kwa macho yetu: saladi ya viazi na soseji. Usidhani wamekunyima, kwani bata bukini huliwa kesho yake. Jioni hiyo ni ya watu wa nyumbani, hivyo kualikwa kwako ni heshima kubwa. Fika kwa saa uliyoambiwa.

Mkazi wa Leipzig
Naongezea la manufaa: nunua mahitaji yako mapema, kwa sababu tarehe 24 maduka hufungwa mchana, na tarehe 25 na 26 zote ni sikukuu za taifa. Kuhusu zawadi, mpelekee kahawa ya Kilimanjaro ikiwa unayo, maana ni kitu cha kwenu na watainywa pamoja na Stollen, mkate mzito wenye zabibu kavu ambao Dresden inajivunia. Zamani mafuta ya siagi yalikatazwa wakati wa mfungo wa Majilio, na mkate huo ulikuwa mkavu usio na ladha, hadi Papa Innocent VIII alipotoa ruhusa kwa barua mwaka 1491. Uonje kwenye Striezelmarkt, soko la Krismasi lililoanza mwaka 1434, kabla halijafungwa.

Mwalimu mstaafu
Msimu hauishii hapo, kijana wangu. Usiku wa tarehe 5 Desemba watoto huacha viatu vilivyosafishwa mlangoni, na asubuhi hukuta Mtakatifu Nikolai ameweka karanga, machungwa na chokoleti. Kisha mwanzoni mwa Januari, hasa kwenye maeneo ya Wakatoliki, watoto waliovaa kama Mamajusi hupita wakiimba, wakikusanya michango kwa ajili ya watoto wenzao duniani, Afrika ikiwemo, na kuandika kwa chaki juu ya mlango herufi C, M na B pamoja na mwaka. Ni baraka kwa Kilatini: Kristo aibariki nyumba hii. Ukiyaona maandishi hayo usiyafute, kwani huachwa mwaka mzima.

Mwanafunzi wa Dresden
Shikamoo mwalimu, shikamoo mama, na asante ndugu wa Leipzig. Kahawa ninayo, pakiti mbili alizonifungia bibi yangu. Moja nitampelekea mama mwenye nyumba, na Jumapili hii nitamwomba ruhusa niwashe mshumaa wa pili.