Pampu ya insulini kujizima saa 80 ilhali dawa bado imo ndani, huu usalama wa nani?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naongea.

Hii pampu ya kubandika imepangiwa saa 72. Zikiisha inaanza kulia, inakupa saa 8 za nyongeza, na ya 80 ikitimia inakata dawa. Haijali umelala, uko njiani au uko kwenye mtihani. Usiku wa manane inapiga ule mlio usiokatika, nyumba nzima inaamka, nawe unapapasa friji kutafuta chupa ya insulini huku macho hayajafunguka.

Na ukiibandua, dawa iko mle mle! Kwa aina ninayotumia, usipojaza angalau uniti 85 haianzi kazi. Sasa chukua mtoto anayetumia uniti 20 kwa siku. Siku tatu ni 60. Zinazobaki zinaenda na pampu kwenye taka, maana maelekezo yanakataza kuzinyonya na kuzihamishia kwenye nyingine. Halafu anatokea mtu anakwambia "badilisha mapema kabla hujalala". Nikibadilisha mapema si ndiyo natupa nyingi zaidi?

Sisemi tuvae mpaka ngozi ioze. Kanula, kile kijimrija kinachopitisha dawa chini ya ngozi, ikikaa sana pale mahali panavimba, dawa hainyonywi sawasawa, sukari inapanda hata kama hujala kitu. Hilo nalijua na ninaliheshimu. Lakini zipo kanula za pampu zenye mrija mrefu, zisizobandikwa, zilizoidhinishwa kukaa hadi siku 7, kwa hiyo siku tatu si amri iliyoshuka kutoka mbinguni.

Kinachonichemsha damu ni hiki: wanaizima eti kutulinda. Mwenye kisukari aina ya 1 anayetumia pampu hana insulini ya muda mrefu mwilini, anategemea hayo matone tu. Yakikatika na asisikie mlio, ndani ya saa chache ketoni, yaani asidi inayojaa kwenye damu mwili ukikosa insulini, zinapanda, na hiyo ndiyo njia ya kulazwa. Ngozi kuwasha na kukosa insulini usiku kucha, kipi kinaua haraka?

Watuachie angalau dozi ya msingi iendelee kidogo kidogo mpaka asubuhi. Au tuchague wenyewe saa ya kuisha, iangukie mchana tukiwa macho. Nimewaandikia watengenezaji, nikarudishiwa ukurasa uleule wa maelekezo. Kama kuna aliyejibiwa la maana, aliweke hapa neno kwa neno.