Fundi kaunga saketi zote za paneli kwenye transfoma moja bila fyuzi hata moja, eti "breka ya mbele inatosha"!!

Wakuu habari za jioni, huku kwangu hakuna habari njema, nina hasira na naandika kama zinavyotoka.

Nasimamia kiwanda kidogo cha barafu huku Kibirizi, Kigoma, yale mabonge wanayochukua watu wa migebuka. Paneli ya zamani ilichoka, bosi akaleta fundi atengeneze mpya. Ndani kuna transfoma ndogo ya kontroli, inashusha volti 400 kwenda 24, uwezo wake VA 500 (volti mara ampia), na hiyo ndo inalisha vitu vyote vidogo vidogo, koili za kontakta (swichi za sumaku) za kompresa na pampu, vali za maji, floti ya tanki, taa za mlangoni, king'ora. Kwa nje kazi inapendeza balaa, mlango unang'aa, lebo zimechapwa kwa mashine, bosi akaona hapa tumepata fundi akalipa yote.

Juzi boksi la vali moja kule kwenye tanki la maji ya chumvi likaingia maji maana sehemu ya kuingizia kebo hakuikaza (huo nao uzembe wake ila tuuache kwanza), nyaya zikapiga shoti. Vali ikipiga shoti unategemea fyuzi yake ikatike, unabadilisha vali, kazi inaendelea si ndio? Hapa hakikukatika kitu kwa sababu hakuna cha kukatika! Tulichosikia ni kontakta zinagonga tatatata, zinashika zinaachia, halafu harufu ya plastiki, halafu moshi unatoka kwenye trankingi (mfereji wa plastiki wa kupitishia nyaya) mpaka kule kwenye kompresa. Nimefungua kile kifuniko, waya wa vali umeyeyuka ukaenda kuwashika na wenzake wa floti na wa pampu, vyote vimekuwa mkate mmoja mweusi, shaba inaonekana. Transfoma yenyewe vanishi (ile rangi ya kuhami waya wa koili) imechemka imetoka nje ya koili. Na breka yake kule mbele? Imesimama tu, ON, haina habari.

Nampigia simu ananijibu "kaka mbona breka ya ampia 6 niliiweka kwenye 400, inalinda yote, na 24 haina madhara".

Haina madhara!! Sasa twende kwenye hesabu maana ndo kilichoniudhi zaidi, mtu mzima amebeba tesa mfukoni hajawahi kukaa chini kugawanya.

VA 500 kwenye volti 400 ni ampia 1.25 tu. Kwenye volti 24 ni karibia ampia 21. Uwiano wake ni kama 16.7, maana yake ili ile breka ya 6 ianze hata kuhisi imezidiwa, upande wa sekondari (ule wa volti 24) lazima upite ampia 100. Mia! Na waya alioutumia kupeleka kwenye vali ni wa milimita za mraba 0.75, waya wa kubeba ampia 6 hivi.

Haya, vali iko mita 15 kutoka kwenye paneli, kwenda na kurudi mita 30, shaba ya 0.75 urefu huo ina omu kama 0.7. Shoti ikipiga kule mwisho, 24 gawanya kwa 0.7 unapata ampia 34, tena kiuhalisia inashuka kidogo maana transfoma nayo ina ukinzani wake. Hizo 34 ukizirudisha upande wa 400 ni ampia 2. Breka ya 6 inaona ampia 2 inasema mambo safi endeleeni, wakati kule chini waya wa ampia 6 unapitisha 34 na wati 800 na kitu zinaishia ndani ya waya wenyewe, sawa na kulaza pasi ndani ya trankingi ukaifunika ukaenda kula. Na transfoma nayo imezidishiwa, ndo maana imekufa.

Akaja na utetezi mwingine, eti akiweka breka ndogo inaruka kila akiwasha. Hilo ni kweli na halimsaidii, transfoma ikiwashwa inavuta mkondo mkubwa kwa sekunde kidogo sana, ndo maana upande wa 400 unaweka fyuzi ya kuchelewa au breka inayovumilia mshtuko, na kwa sababu hiyohiyo huwezi kuitegemea hiyo ya mbele kulinda nyaya za nyuma. Unatoka sekondari kwa waya mnene mfupi, milimita za mraba 4 hivi, unaingia kwenye fyuzi kuu ya ampia 20, hapo ndo unagawa, kila saketi na fyuzi yake, taa 2, vali 4, koili kulingana na waya wake. Jumla yake ikizidi 20 siyo shida, haviwaki vyote kwa mpigo. Cha muhimu fyuzi isizidi waya inaoulinda.

Na bado sijamaliza. Sekondari yote kaiacha inaelea, hakuna mguu wake hata mmoja uliogusa ethi (waya wa ardhini). Maana yake waya mmoja ukigusa bodi ya chuma leo hakuna anayejua, kesho wa pili ukigusa sehemu nyingine ya bodi mkondo unaweza kupitia kwenye chuma ukairuka swichi, kontakta ikavuta, kompresa ikawaka yenyewe na kijana kaweka mkono kwenye mkanda. Mguu mmoja unaenda ethi, fyuzi na swichi zinakaa mguu wa pili, koili upande wa pili zinarudi moja kwa moja kwenye ule wa ethi. Ukitaka kuacha inaelea basi weka fyuzi miguu yote miwili na kitu cha kukuonyesha kwamba imegusa. Yeye hana hiki hana kile, kalipua kazi kaondoka na hela.

Sasa sikilizeni kituko. Anataka alipwe transfoma mpya na ufundi juu, na safari hii anasema atafunga breka ya ampia 10 maana "6 ilikuwa inazidiwa". Piga hesabu mwenyewe, 10 mara 16.7. Nimemwambia bosi huyu asikanyage getini, transfoma ikipatikana naifunga mwenyewe.

Ninachohitaji ni vishikio vya fyuzi vya kupachika kwenye reli, sita, na fyuzi za ampia 2, 4 na 20, za kichina zisizo na namba sizitaki. Mwenye navyo Mwanga au Ujiji aweke bei hapo chini, hata aliyeko Tabora poa, atavipakia kwenye treni navifuata stesheni.