Tupeane uzoefu: mwili kuumuka mabaka na midomo kuvimba, kwako chanzo kilikuwa nini?

Dada_Shangani: Habari za jioni wapendwa. Mwenzenu nimesumbuka karibu miezi miwili hapa Mtwara mjini, mabaka yanaumuka mapajani yanawasha hatari, mara yamehamia mgongoni, siku nyingine mdomo wa juu umevimba, ukiamka asubuhi hakuna kitu. Kila mtu akaniambia ni pweza na kamba. Nikaacha, nikaacha na mayai na dagaa, nikakonda bure mabaka yapo palepale. Daktari mmoja akachukua kalamu akanichora duara kuzunguka baka la mkononi akasema kesho saa hizi angalia. Kesho yake duara lipo, ndani ngozi safi kabisa, na baka jipya limetokea kwenye kiwiko. Akasema hiyo ndo urtikaria, baka moja kwa kawaida halimalizi saa 24, lingekaa siku mbili tatu likauma na kuacha alama angetafuta ugonjwa mwingine. Akaniuliza nameza dawa gani, nikasema sina dawa. Akarudia, hata ya maumivu? Jamani, kila nikitoka shamba kiuno kikiuma nameza diklofenaki ya dukani na wala sikuihesabu kama dawa. Kuacha tu, wiki ya pili nikalala usingizi. Nyie je?

Mbanguaji_Newala: Pole dada. Sisi wabanguaji tusichanganye na mafuta ya ganda la korosho, yale yanababua, ngozi inakuwa nyeusi inabanduka na inakaa siku nyingi, haihamihami kama hiyo yako.

Mama_Wawili_Masasi: Mimi wangu ni mtoto, ana miaka 4. Alikula korosho za kukaanga hata nusu saa haijaisha midomo imejaa, mabaka shingoni, akaanza kukohoa, sauti ikakauka, akatapika. Zahanati ya kwanza walitaka kumpa Piriton, ile dawa ya mzio, tusubiri, moyo ukakataa, nikapanda boda mpaka kituo kingine, wakamchoma adrenalini ya paja na dakika chache tu akaanza kupumua vizuri, ila wakatulaza maana wanasema inaweza kurudi baada ya masaa. Mpaka leo nikikumbuka nalia. Mwenye mtoto akivimba mdomo na pumzi inabana msikae na vidonge nyumbani, kimbieni.

Mjukuu_Kilwa: Bibi yangu yeye ulimi ulivimba upande mmoja, hakuwashwa wala hakuwa na baka hata moja. Majirani wakasema karogwa. Piriton haikusaidia kitu. Kumbe ni lisinopril, dawa yake ya presha, na alikuwa ameinywa zaidi ya mwaka bila shida ndo maana hakuna aliyeihisi. Daktari akambadilishia siku hiyohiyo na kumwandikia kwenye daftari la kliniki asipewe tena dawa za jamii hiyo. Wenye presha msiache wenyewe lakini, nendeni na dawa zenu mkononi.

Boda_Lindi: Mimi yamezidi wiki 6, wanaita sugu, nimepima sana chanzo hakionekani na daktari kasema wengi ndo wako hivyo. Kosa langu nilikuwa nameza dawa nikiwashwa tu. Sasa hivi nameza setirizini, nayo ni dawa ya mzio, kila siku hata kama siwashwi, na daktari ndo aliyeniongezea dozi, sikujiongezea. Piriton niliacha, nilikuwa nasinzia kwenye pikipiki na abiria nyuma. Nimegundua pia mkanda wa begi ukinibana bega linaumuka mstari mzima, kwa hiyo navaa nguo pana.

Dada_Shangani: Mama Wawili pole sana mpenzi, shuleni ulifanyaje? Huku kwetu korosho kila mtoto anazo mfukoni.

Mama_Wawili_Masasi: Nilienda mwenyewe nikakaa na mwalimu wake, nikamwonyesha picha niliyompiga siku ile midomo imevimba. Sasa hata kashata anauliza kwanza ina nini.